Redio Kiunoni mwa Mama Barafu

Nyumba ya mlango wa kijani,
Nyuma ya Kiwanda cha Barafu,
Bandarini.
Jumanne, 11 Agosti

Mpendwa dada,

Shikamoo. Habari za huko, habari za shemeji, habari za watoto? Natumaini barua hii itakukuta mzima na lile goti limeacha kukusumbua. Kama bado linauma, nakuomba usipande ngazi na ndoo ya maji eti kwa sababu mwenye zamu ya usafi hajaja. Nakujua mimi. Ukiambiwa pumzika, wewe ndiyo kwanza unashika ufagio. Mwambie shemeji akuangalie.

Sisi huku hatujambo. Binti yangu mkubwa amerefuka, viatu vyangu havimwingii tena, sasa ananiangalia kwa juu nikimgombeza. Mdogo wake ameng'oka meno ya mbele na bado anang'ang'ania kutafuna miwa. Wote wanakusalimu, na wanauliza kama lile sanduku ulilosema utalituma limeshatoka au bado liko chini ya kitanda chako.

Kazi ni ile ile, ukumbi wa samaki, meza ya kuchambua. Mwezi huu tumeletewa glovu mpya, nzuri, ndefu mpaka kwenye kiwiko, lakini loo! zote ni za mkono wa kulia. Sijui nani aliziagiza. Mkono wa kushoto tunavaa kinyumenyume, kidole gumba kinaangalia nje, na msimamizi akipita tunampungia nao. Tunacheka mpaka tunashika mbavu. Samaki wenyewe siku hizi si haba, wanakuja wakubwa wakubwa, na mgongo unaniuma ila siyo sana.

Sasa dada, keti. Kama una kitu jikoni, kiepue kwanza.

Shemeji yako, yaani huyu mume wangu nahodha, amenitia aibu mbele ya bandari nzima. Hapa sina wa kumweleza kwa sababu hapa kila mtu ana mdomo, ukikohoa asubuhi mchana unaulizwa kama umepona. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Unamkumbuka Mama Barafu? Ni yule mtalaka wake, aliyekuwa mkewe kabla sijafika mji huu. Anaendesha mashine ya barafu pale gatini. Waliachana bila ugomvi, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Wangetupiana sahani, mimi ningekuwa na amani yangu. Wao wakikutana, "hujambo", "sijambo", kama watu waliowahi kusoma darasa moja. Halafu mwanamke mwenyewe anashinda kwenye baridi, hatoki jasho. Mimi narudi nyumbani paka wote wa mtaa wako nyuma yangu, yeye anafunga kazi mkavu, kitambaa cha kichwa kimekaa pale pale alipokifunga asubuhi. Haki, inaudhi.

Haya. Tumeletewa afisa mpya wa usalama wa bandari. Wavuvi wamempa jina la Bwana Filimbi, kwa sababu siku ya kwanza tu alisema boti haitoki kama kila jaketi la kuokolea halina filimbi yake. Walimcheka sana. Wakawa wanapuliza filimbi akipita, wanapuliza baa, wanapuliza chooni. Yeye hakujali. Akaleta na sheria nyingine: kila boti iwe na mtu wake nchi kavu, mtu mmoja, apewe redio ya mkononi. Nahodha anaita mchana, anaita tena alasiri. Ofisi haiwezi kuzisikiliza boti zote, ina mtu mmoja tu. Boti ikikaa kimya mara mbili mfululizo, mwenye redio yake anakwenda kupiga king'ora na boti ya uokoaji inatoka. Hakuna kungoja, hakuna kuulizana.

Na kila nahodha anamchagua mtu wake mwenyewe.

Dada, mimi niliisafisha rafu. Ile ya dirishani, yenye saa na picha yetu ya harusi. Saa niliihamishia jikoni, picha nikaisogeza pembeni, nikatandika kile kitambaa ulichonifumia. Nikapigilia na msumari wa kuning'inizia waya. Nikawaambia majirani kwamba kuanzia wiki hii, mchana na alasiri wasinifungulie muziki, nitakuwa na kazi. Nikawaeleza kazi gani. Niliwaeleza kwa kirefu, dada, unajua nikianza.

Basi Jumatatu iliyofuata nikaenda na toroli kuchukua barafu. Mama Barafu akageuka kuvuta sepetu yake, na kiunoni nikaona redio. Ina utepe mwekundu. Boti yetu ndiyo yenye mstari mwekundu, hakuna nyingine. Nikasimama pale na toroli langu. Akanijazia, akasema, "Tayari, mama," nikaenda. Nilifika ukumbini barafu nusu imemwagika njiani na wanawake wa meza yangu wote wameinamia samaki wao, hawataki kuniangalia. Walikuwa wanajua. Wote walikuwa wanajua ila mimi na rafu yangu.

Jioni nilimsubiri aoshe miguu. Nikamuuliza, redio ya boti yako iko wapi? Akajibu bila hata kuinua kichwa kwamba amempa yule wa kiwanda cha barafu, maana yuko pale pale gatini, na hana presha.

"Na mimi nina presha?"

Akainua kichwa. Akaiangalia sufuria niliyokuwa nimeishika, akaniangalia mimi, akarudi kwenye miguu yake.

Dada, wivu ulinishika, sikufichi. Nilijiambia huu ni upuuzi, mtu mzima na watoto wake wawili, kesho utasahau. Thubutu! Kesho yake niliomba zamu ya kufuata barafu mchana, na keshokutwa nikaomba ya mchana na alasiri. Nikawa nafika na toroli dakika ile ile mume wangu anapoita. Nainama najifanya nafunga buti. Buti za mpira, dada, hazina hata kamba.

Na nikawa namsikia. Anamwambia upepo umegeuka. Anamwambia leo dagaa hakuna ila jodari wapo. Anamwambia wameshakula. Siku moja akamwambia injini inakohoa tangu asubuhi. Mimi nimeishi na mtu huyu miaka yote, akirudi nikimuuliza habari za kazi anasema "salama" na kugeukia ukuta. Injini yake ikikohoa anaelezwa Mama Barafu! Na Mama Barafu siku hiyo alicheka. Alicheka mara moja tu, kidogo, lakini nilijigonga kidole na gurudumu la toroli na mpaka leo ukucha ni mweusi.

Basi nami nikaanza kumjibu kiredio. Akiniuliza sabuni iko wapi, namwambia, "Rudia." Akirudia, namwambia, "Nimepokea. Mwisho." Na sabuni simpi. Akisema chai haina sukari, "Nimepokea. Mwisho." Binti yako alikuwa anakimbilia nje kucheka. Baba yao alivumilia, na hilo nalo likaniudhi, kwamba hata kugombana na mimi hataki.

Sasa nikwambie ya Alhamisi ya wiki mbili zilizopita.

Asubuhi waliondoka vizuri, yeye na mabaharia wake watano. Bahari haikuwa na dhoruba, ilikuwa na mawimbi mapana tu, na utando wa ukungu kwa mbali. Mchana nikawa mahali pangu, nimeinamia buti. Saa ya kuita ikapita. Mama Barafu akaishika redio, akaita yeye. Kimya. Akaita tena, kimya, inavuma tu. Akairudisha kiunoni, akashika sepetu. "Betri," akasema, na hapo ndipo nilipojua kwamba siku zote alikuwa anajua ninainamia nini.

Nikarudi ukumbini. Sijui nilichambua nini mchana ule, msimamizi alikuta samaki changu wakubwa kwenye kreti ya dagaa.

Alasiri nilikwenda bila toroli. Nilisimama mlangoni mwake waziwazi. Akaita. Kimya. Akaita, akangoja, akaita. Nikamwambia, hiyo ni ya pili, twende king'ora. Akasema tungoje kidogo. Wiki iliyopita mama wa nahodha mwingine alipiga king'ora, boti ya uokoaji ikatoka mbio, ikamkuta mwanawe amelala, redio ameikalia. Mpaka leo wanamtungia nyimbo. Akasema watu watachekwa.

Kisha akasema, "Huyu namjua. Akikuta samaki husahau dunia."

Namjua! Mbele yangu, mke wake! Dada, ningependa kukuandikia kwamba ni hofu iliyoninyanyua pale, kwamba moyo wa mke uliniambia jambo. Siyo. Ni lile neno. Nilisema moyoni, wewe unamjua, ehe, basi leo utanijua na mimi. Nikatoka mbio.

Nilikimbia gati zima na mabuti yangu na glovu zangu mbili za mkono mmoja. King'ora kiko ukutani kwa Bwana Filimbi, kina mkono mwekundu. Niliuvuta kwa mikono yote miwili na sikuuachia. Bandari ilisimama. Winchi zikasimama, watu wakatoka kwenye stoo na samaki mikononi. Bwana Filimbi akatoka ofisini.

"Boti gani?"

"Mstari mwekundu. Kimya mara mbili."

"Wewe ndiye mwenye redio?"

"Mimi ndiye mkewe!"

"Sikuuliza hilo," akasema, lakini alikuwa ameshawapungia mkono watu wake, na kabla sijapumua vizuri boti ya uokoaji ilikuwa inapita kichwa cha gati.

Hapo ndipo hofu ilipokuja. Yote kwa pamoja, imechelewa. Wake wa mabaharia walifika mmoja mmoja, na aproni zao, na watoto mgongoni. Tulisimama ukingoni tunaangalia ukungu. Mama Barafu alikuja na redio, akasimama kando yetu, anaita. "Mstari mwekundu, mstari mwekundu, nisikie." Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Nilimchukia kwa sauti ile.

Walirudi wakivutwa kwa kamba, jua limeinama. Wavu ulikuwa umejisokota kwenye propela, injini ikazima, wimbi likapanda kwa nyuma likazamisha betri, na redio ikafa pale pale. Tangu mchana walikuwa wanasukumwa kuelekea kwenye miamba, wanachota maji kwa kreti za samaki. Wote walikuwa wamevaa majaketi. Boti ya uokoaji haikuwaona kwenye ule ukungu, iliwasikia: walikuwa wanapuliza filimbi, midomo imevimba. Hakuna aliyecheka. Nahodha wa boti ya uokoaji alipanda gatini, akavua kofia, akatuambia sisi wanawake kwamba tungengoja giza liingie, wangekuwa wanatafuta mbao.

Nilimrukia mume wangu, dada. Nilimpiga kifuani, nikamkumbatia, nikampiga tena. Alikuwa baridi, amelowa maji, mikono imechunika. Juu ya bega lake nikamwona Mama Barafu na ile redio. Alimwambia, "Nilidhani betri." Naye akamjibu kwa upole, "Si kitu." Utaniona mwendawazimu, lakini hata wakati ule, mtu ndiyo kwanza ametoka kwenye kifo, ule upole wake uliniuma.

Nyumbani nilimwogesha kwa maji ya moto, nikamfunika mablanketi yote, na watoto walipokwisha kumng'ang'ania wakaenda zao, nikamuuliza bila kiredio. Kwa nini yeye? Kwa nini siyo mimi?

Akasema, "Wewe ungepiga king'ora kila nikipiga chafya. Nilitaka mtu ambaye nikinyamaza, moyo wake haumwendi mbio."

Basi ni hilo tu. Wiki zote zile nilikuwa nakosa usingizi kwa ajili ya kiti, na aliyekikalia kiti chenyewe amekalishwa kwa sababu hampendi tena. Alichaguliwa kwa sababu hana habari naye tena. Na karibu tumzike kwa huko kutokuwa na habari. Nilitaka kucheka, nikalia, naye akadhani nalia kwa ajili ya mambo ya mchana, nikamwacha adhani hivyo.

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, mlango ukabishwa. Mama Barafu. Hajawahi kuingia nyumbani kwangu tangu niolewe. Alikuwa ameifunga redio kwenye taulo kavu. Nilimkaribisha, nikamwekea chai, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, dada, nimeyapanga usiku kucha, makali. Yeye akaniwahi.

"Shika," akasema. "Mimi nilishamaliza kumhofia mtu huyu. Nilikuwa nasimama pale gatini kwenye mvua, kila akichelewa, kila siku. Nikaumaliza woga wangu wote, hata wa akiba. Ndiyo maana niliondoka. Hakunikosea kitu."

Nikamuuliza tu kama anaongeza sukari. Akasema hapana, ila chai ni nzuri. Akaniomba radhi kwa ile ya "tungoje kidogo", nami nikamwambia yamekwisha. Mlangoni akageuka, akasema kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, "Siku hizi nalala, unajua." Akaenda kazini.

Basi sasa redio ninayo. Niko nayo kiunoni mezani, niko nayo jikoni, nikioga binti anaishika nje ya mlango. Wenzangu ukumbini saa ya kuita ikifika wanaacha kuongea wenyewe, na yule mwenye kicheko kikubwa anajiziba mdomo kwa glovu. Mume wangu anaita mchana, anaita alasiri, hajakosa. Ananiambia kila kitu, upepo, mawimbi, pampu inavuja kidogo, baharia mmoja ana homa. Kila kitu nilichokuwa natamani kukisikia. Akimaliza nahesabu dakika mpaka aite tena. Hapo katikati mimi si mtu, dada. Upepo ukigonga bati, nasimama. Akirudi jioni akisema "salama" na kugeukia ukuta, ninamshukuru Mungu kwa ule ukuta.

Jana alasiri, kabla hajaita, nilipita kiwanda cha barafu na toroli. Upepo ulikuwa mkali, boti zote ziko nje, bendera ya gatini inapiga makofi. Mama Barafu alikuwa amekaa juu ya kreti, miguu ameinyoosha, kichwa ameegemeza ukutani, amelala. Mdomo wazi kabisa, anakoroma. Mume ninaye mimi, redio ninayo mimi, na nilisimama pale nikimwonea wivu yule mwanamke kuliko siku zote.

Nisalimie shemeji, umwambie asivue tena kwenye lile ziwa lenu bila jaketi, hata kama maji ni ya magotini. Nisalimie mama mkwe wako na kifimbo chake, na yule mtoto wako Kichwa Ngumu, umwambie shangazi... lo, mama mdogo, amesikia habari za dirisha la shule. Bibi wa ghorofa ya chini naye usimsahau. Mume wangu angekusalimu, lakini yuko kazini.

Mungu akupe usingizi mzito, dada, usiku wote bila kugeuka. Na ukiona umezidi, umwombe anigawie na mimi kidogo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikinuna.